Dhahabu, piramidi, mlenda au polima: uanzie wapi kutengeneza chembe nano za DNA ukiwa Tanga

Binti wa kaka yangu anamaliza shahada ya kemia mwakani. Alipokuja likizo Tanga alinikuta kibarazani, Ngamiani, akaniamkia, akakaa, na chai haijamiminwa akawa ameshatoa la moyoni: "Shangazi, nataka mradi wangu uwe wa chembe nano za DNA. Ila njia ni nyingi mno, kila ninayoisoma inajisifu. Nishike ipi?"

Nimekaa maabara miaka mingi, kwa hiyo swali lake nililijua uzito wake. Siku ile nilimjibu kwa mdomo, tukakatizwa mara mbili na wageni. Hapa namjibu kwa utulivu, pamoja na kila kijana mwenye swali kama lake, maana najua wapo.

Kwanza tuelewane tunachokilinganisha. Chembe nano ni chembe ndogo mno, ya kupimwa kwa nanomita, yaani sehemu ya bilioni ya mita. Mtu wa Tanga hahitaji kuelezwa sana polima ni nini, kwa sababu tumekulia kando ya mashamba ya mkonge. Uzi wa katani kwa sehemu kubwa ni selulosi, na selulosi ni molekuli za glukosi zilizoshikana mkono kwa mkono, ile ile ikijirudia maelfu ya mara. DNA nayo ni mnyororo wa namna hiyo, lakini vijenzi vyake ni vinne. Kila kijenzi, yaani nukleotidi, kina sukari, fosfati na besi, na besi ndizo zile herufi A, T, G na C. A hushikana na T, G hushikana na C. Kamba ya katani huifunga wewe mwenyewe. Kamba ya DNA, ukiipangia herufi vizuri, inajua yenyewe pa kujifunga. Hilo ndilo mwanasayansi Nadrian Seeman aliloliona mwaka 1982 alipopendekeza kwamba DNA inaweza kutumika kama mbao na misumari ya kujengea vitu, mbali kabisa na kazi yake ya kurithisha. Uzi pacha wa DNA una unene wa nanomita 2 hivi, na kila jozi ya herufi huongeza urefu wa nanomita 0.34. Ukijua namba hizo mbili, unaweza kuchora umbo kwenye karatasi kama fundi achoravyo dirisha.

Binti aliniuliza kama hizi ndizo chembe za chanjo ya malaria iliyofanyiwa majaribio Korogwe. Hapana. Ile RTS,S iliyojaribiwa Korogwe na Bagamoyo ni chembe ya protini. Na zile chanjo za mRNA za Uviko ni RNA iliyofungwa ndani ya tone la mafuta. Huko asidi nukleiki, yaani DNA au RNA, ni mzigo. Sisi tunazungumzia chembe ambamo asidi nukleiki ndiyo nguzo, ukuta au ngozi.

Kipimo changu cha kuchagulia

Wengi huanza kwa kuuliza ipi ni ya kisasa zaidi, au ipi ina picha nzuri kwenye majarida. Mimi huanza na swali jingine: nikikosea, nitajuaje, na nitajua lini? Nilifika hapo kwa makosa mawili ya chumvi.

La kwanza lilikuwa la dhahabu. Nilikuwa nimepika chembe za dhahabu, nyekundu safi, nikazimimina kwenye chupa ya glasi ya kuhifadhia. Siku ile bomba lilikuwa kavu, na chupa ilikuwa imesuuzwa kwa maji ya kisima, yale ya pwani ambayo ukiyaonja ulimi unajua. Tone kidogo lilibaki chini. Wekundu ulipogusa kitako cha chupa ukaanza kuingia zambarau, zambarau ikawa bluu ya wino, na kabla sijaweka kifuniko nilikuwa nimeshika chupa ya tope. Iliniuma, lakini ilichukua chini ya dakika moja. Nikaosha, nikasuuza kwa maji yaliyokenekwa, kesho yake nikapika upya.

La pili lilikuja miaka michache baadaye. Kundi nililofanya nalo kazi lilikunja DNA kuwa vibati vidogo, tukapeleka sampuli nje ya nchi kwenye hadubini ya kuweza kuviona. Kabla ya kufunga mzigo, mmoja wetu alizimua sampuli kwa bafa, yaani maji yenye chumvi maalumu, ile ya kawaida ya kuhifadhia DNA. Bafa hiyo ina EDTA, na EDTA kazi yake ni kunyakua magnesi. Vibati vyetu vilikuwa vimeshikiliwa na magnesi. Majibu yalirudi baada ya wiki tano: hakuna umbo lolote. Wiki nyingine tatu zikaenda tukitafuta kama tatizo ni mchoro, oligo (nyuzi fupi za DNA za kuagiza), joto au safari. Mirija yenyewe ilikuwa na maji meupe tangu mwanzo hadi mwisho. Haikutuambia kitu.

Makosa yote mawili ni ya chumvi: moja imezidi, moja imepungua. Dhahabu ilinikaripia hapo hapo. Vibati vilininyamazia miezi miwili. Kwa mwanafunzi mwenye muhula mmoja na bajeti ya mara moja, tofauti hiyo ni kubwa kuliko uzuri wa picha.

Dhahabu yenye nywele za DNA

Njia hii ilianza mwaka 1996, pale kundi la Chad Mirkin wa Chuo Kikuu cha Northwestern na kundi la Paul Alivisatos huko California walipochapisha, kila mmoja kivyake, namna ya kubandika nyuzi za DNA kwenye chembe za dhahabu. Unachemsha myeyusho wa chumvi ya dhahabu mpaka utokote, unamimina sitreti ya sodiamu kwa mkupuo mmoja. Umanjano hafifu unapotea, kwa kitambo kidogo unaona kama maji matupu, kisha linakuja giza la kijivu, zambarau, na mwisho linatulia kwenye wekundu wa juisi ya rozela. Hapo umepata vidonge vya nanomita 13 hivi. Sijawahi kuchoka kuitazama hatua hiyo, na nimeifanya mara nyingi.

Kisha unaleta nyuzi fupi za DNA zilizotiwa salfa kwenye ncha moja. Salfa inaipenda dhahabu, inaing'ang'ania. Ugumu ni kwamba nyuzi zina chaji hasi, na dhahabu yenye sitreti nayo ina chaji hasi, kwa hiyo vinasukumana. Chumvi inatuliza ugomvi huo ili nyuzi zisogee karibu, lakini chumvi hiyo hiyo ikija mapema, dhahabu iliyo uchi inaanguka na kugeuka bluu. Ndiyo maana utaratibu wa zamani ni kutia chumvi kidogo kidogo kwa siku moja au mbili. Mwaka 2017 Biwu Liu na Juewen Liu wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walionyesha kwamba ukichanganya dhahabu na nyuzi zako kisha ukagandisha kwenye friza na kuyeyusha, nyuzi zinakaa zenyewe bila kutia chumvi. Barafu ikijiunda husukuma dhahabu na DNA kwenye vijinafasi vyembamba vilivyobaki, vikabanana humo.

Kwa maabara ya kwetu hiyo ni zawadi. Weka mirija miwili kwenye friza ya maabara, mmoja wenye DNA na mwingine dhahabu peke yake. Asubuhi yeyusha yote miwili. Wenye DNA unatoka mwekundu kama ulivyoingia, ule mwingine unatoka na masizi chini. Hujatumia mashine yoyote, na tayari una jaribio pamoja na mlinganisho wake.

Ukishapata chembe zenye nywele, tengeneza aina mbili zenye herufi tofauti, kisha tia uzi wa tatu unaoweza kushika aina zote mbili. Zikishikana, wekundu unageuka zambarau. Pasha joto, nyuzi zinaachiana, wekundu unarudi, na mabadiliko hayo yanatokea ndani ya nyuzijoto chache tu. Hilo lilionyeshwa tangu 1997 kama njia ya kutambua DNA kwa macho. Nyuzi zilizosongamana hivyo juu ya kidonge pia hukawia kuliwa na vimeng'enya kuliko uzi ulio peke yake, na mwaka 2006 ilionyeshwa kwamba chembe hizi huingia ndani ya seli bila kuhitaji dawa ya kuzisindikiza. Ndiyo sababu watu wa tiba wanazifuatilia.

Gharama yake ni chumvi ya dhahabu na oligo zenye salfa. Unatumia kidogo sana, lakini glasi lazima ziwe safi kupita kawaida. Wengi huziosha kwa mchanganyiko wa asidi ya haidrokloriki na ya naitriki, ambao moshi wake si wa kufanyia mchezo: fanyia ndani ya kabati la kunyonya hewa, na mtu mzoefu awe pembeni. Hii si kazi ya jikoni hata siku moja.

Kukunja: bati kubwa au piramidi ndogo

Mwaka 2006 Paul Rothemund wa Caltech alichukua uzi mmoja mrefu wa DNA kutoka kwenye kirusi kiitwacho M13, wenye herufi 7,249, akaushikiza kwa nyuzi fupi zaidi ya 200, ukajikunja kuwa nyota, pembetatu, na ule uso unaotabasamu wenye upana wa nanomita 100 hivi. Bati la namna hiyo ni kazi ya kuheshimika, na mikekani mwetu tuna akili inayofanana nayo: ukili mmoja mrefu unazungushwa na kushonwa ubavu kwa ubavu mpaka unakuwa mkeka.

Lakini hebu tazama inachotaka. Nyuzi 200 na ushei za kununua, zote zifike, zote ziwe sawa. Mashine ya PCR inayoshusha joto polepole kutoka karibu nyuzi 95 hadi joto la chumba. Magnesi ya kutosha muda wote. Na mwisho hadubini ya elektroni au ile ya kupapasa kwa sindano, la sivyo hujui ulichotengeneza. Umeme ukikatika katikati ya kushusha joto, mashine inazima na huna hakika mirija ilipita vipi. Hilo la joto lina dawa: mrija uliofungwa vizuri ndani ya chupa ya chai iliyojaa maji yanayotokota hushuka taratibu kwa saa nyingi bila kuomba umeme, na hata maabara kubwa zimewahi kuacha mirija ndani ya maji ya moto kwenye sanduku la stairofomu kwa siku mbili. Chupa hiyo isirudi tena kwenye chai. La hadubini halina dawa ya nyumbani.

Kwa hiyo kama moyo wako uko kwenye kukunja, na naelewa kwa nini ungekuwa huko, usianze na bati. Anza na piramidi. Mwaka 2005 Russell Goodman, Andrew Turberfield na wenzao walionyesha kwamba nyuzi nne tu, kila mmoja wa herufi 55, zinajiunda kuwa piramidi ya pembe tatu yenye kingo za nanomita 7 hivi. Unachanganya nne zote kwa kiasi sawa kwenye bafa yenye magnesi, unapasha hadi 95, unapoza ghafla. Ghafla, si polepole. Maji yanayotokota na bakuli la barafu vinatosha. Kisha unapitisha kwenye jeli ya umeme, ambamo umeme huivuta DNA na kitu kikubwa hukawia: mstari wa kwanza uzi mmoja, wa pili nyuzi mbili, wa tatu tatu, wa nne zote. Kila uzi unapoongezeka, alama inakawia kushuka, kama ngazi. Ngazi isipokaa sawa umejua jioni ile ile, na umejua ni uzi gani wa kushuku.

Nyuzi za herufi 55 zina jambo moja la kuangalia unaponunua. Tangu mwaka 1981, kwa kemia ya Serge Beaucage na Marvin Caruthers, oligo huundwa kwa kuunganisha herufi moja baada ya nyingine. Hata kila hatua ikifaulu kwa asilimia 99, uzi wa herufi 20 utatoka mzima kwa asilimia 83 hivi, wa 55 kwa asilimia 58, wa 100 kwa asilimia 37, na wa 200 kwa asilimia 14 tu. Zilizobaki ni vipande vifupi vilivyokatika njiani. Kwa hiyo piramidi omba oligo zilizosafishwa kwa jeli au kwa kromatografia (mbinu ya kutenganisha molekuli), hata kama bei inapanda. Kwa dhahabu, ambapo nywele za herufi 20 au 30 zinatosha, huna haja ya kujitesa hivyo.

Mlenda wa DNA

Njia ya tatu inafuata mkondo mwingine. Chukua kipande kifupi cha DNA, ukifunge mduara, ukipe kimeng'enya kiitwacho phi29. Kimeng'enya kinazunguka mduara kama ng'ombe wa kinu, kila mzunguko kikitoa nakala iliyounganika na iliyotangulia, mpaka unapata uzi wa makumi elfu ya herufi. Nyuzi hizo zikisongamana pamoja na fuwele za magnesi zinazojitokeza humo, unapata chembe zenye umbo la maua. Zikiwa nyingi zaidi, unapata jeli. Kundi la Dan Luo wa Chuo Kikuu cha Cornell lilichapisha jeli za DNA mwaka 2006 kwa kuunganisha vipande vyenye matawi, na mwaka 2012 likatoa jeli ya nyuzi ndefu za namna hii ambayo ndani ya maji ina umbo lake, na nje ya maji inatiririka.

Nilipoiona mara ya kwanza nilizamisha ncha ya pipeti na kuinua. Ikavutika. Mtu yeyote aliyewahi kula mlenda anajua nilichokiona. Ikivutika, imefanikiwa. Ikibaki maji, kuna kitu hakikufanya kazi. Joto inalotaka ni nyuzi 30, ambalo msimu wa kaskazi Tanga inakupa bure, ingawa ni salama zaidi kutumia kisanduku kinachoshikilia joto lisipande.

Shida iko kwenye friji. Kimeng'enya hakivumilii: kinataka nyuzi 20 chini ya sifuri kutoka kiwandani mpaka mezani kwako. Oligo kavu inaweza kusafiri kwenye bahasha, ikakaa forodhani siku kadhaa, ikafika nzima. Kimeng'enya kikikaa forodhani barafu ikayeyuka, umenunua maji ghali. Kama maabara yako ina friza yenye jenereta na mtu wa kufuatilia mzigo bandarini au uwanjani, sawa. Kama huna hakika, iache iwe mradi wa pili.

Polima za kutengeneza mwenyewe

Kuna pia watu wanaoacha sukari na fosfati kabisa. Wanachukua besi peke yake, kwa mfano thimini au adenini, wanaibandika kwenye kijenzi cha polima ya kawaida, kisha wanaunganisha vijenzi hivyo kama vile plastiki inavyotengenezwa. Uzuri wake ni wingi. Besi tupu zinanunuliwa kwa gramu, wakati oligo zinapimwa kwa vipimo vidogo hata jicho halioni kitu ndani ya mrija. Ukitaka kutengeneza utando, gundi au kitu cha kushika mkononi, huku ndiko kuliko na njia. Mnyororo wenye A na mnyororo wenye T hutafutana na kujikusanya kuwa chembe ndani ya maji.

Unachopoteza ni mpangilio. Minyororo haitoki na urefu mmoja, na herufi hazifuati sentensi uliyoiandika. Kwa lugha ya kwetu, umerudi kwenye katani: kamba imara, lakini haijui pa kujifunga. Tena unahitaji nitrojeni ya kufukuza oksijeni, vimumunyisho vikali, na mashine ya kupima urefu wa minyororo. Chuo chenye idara imara ya kemia hai, ile ya misombo ya kaboni, kitaweza. Mtu wa baiolojia atateseka.

Katikati ya dunia hizo mbili iko PNA, mnyororo wa kutengenezwa wenye herufi zile zile za DNA, uliotolewa mwaka 1991 na Peter Nielsen, Michael Egholm, Rolf Berg na Ole Buchardt huko Denmark. Uti wake unafanana na wa protini, hauna chaji, kwa hiyo unashika DNA kwa nguvu hata pasipo chumvi, na vimeng'enya vya mwilini haviutambui. Mpangilio wa herufi unabaki. Ila ni ghali, na nyuzi zake zikiwa ndefu huwa hazipendi maji, hujikusanya chini ya mrija. Nunua kipande kimoja kifupi pale tu swali lako linakihitaji.

Nilichomwambia

Nilimwambia aanze na dhahabu, kwa mbinu ya kugandisha, na piramidi aiweke pembeni kama tawi la pili la mradi huo huo. Akiwa na seli za kufanyia kazi, au akitaka kipimo cha kutambua vinasaba vya vimelea, dhahabu inatosha yenyewe. Akitaka kujifunza usanifu wa maumbo, piramidi itamfundisha kanuni zote za bati kubwa kwa nyuzi nne badala ya 200, na siku atakapopata mshirika mwenye hadubini atakwenda na mkono uliokwisha zoea. Alinyamaza kidogo. Najua alikuwa na hamu ya ule uso unaotabasamu.

"Shangazi, kwa hiyo niagize nini kwanza?"

Nikamwandikia nyuma ya bahasha: chumvi ya dhahabu gramu moja, sitreti, oligo mbili zenye salfa za herufi 25 zenye mkia wa T upande wa dhahabu, uzi mmoja wa kuziunganisha, na mwingine wenye herufi zisizolingana ili awe na kitu cha kulinganishia. Oligo nne za piramidi zilizosafishwa. Zote zije kavu. Halafu nikaongeza mstari ambao haukuwa wa dukani: dumu la maji yaliyokenekwa, liandikwe jina lake, na mtu mwingine asiliguse.